Polisi wakiposti sura ya mtuhumiwa kabla ya mahakama: wanatujulisha au wanatuburudisha?

#1 Fundi Cherehani
Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Kila nikishika simu nakutana na kurasa za polisi wa mikoa. Mtu amekamatwa na madumu mawili ya gongo, televisheni tatu na godoro. Anapigwa picha amekaa chini, vitu vimepangwa mbele yake kama yuko mnadani, halafu jina lote, umri, mtaa anaokaa. Komenti zinamiminika: "mchomeni", "huyu namjua, alisoma na mdogo wangu".

Haya. Siku likitokea zito, mtu kafia mahabusu au kachukuliwa na gari lisilo na namba, ukurasa ule ule unaandika mistari minne: uchunguzi unaendelea, wananchi tuwe watulivu.

Naomba kuuliza, siri ya upelelezi inapimwa kwa mizani ipi? Mbona mwizi wa godoro hana siri?

#2 Shangazi wa Kigogo
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Waje wajuzi.

#3 Kamba Mbili
Mleta mada ni mtetezi wa wezi, tusizunguke.

Mimi mwaka juzi niliibiwa pikipiki, Boxer, huku Mbagala. Nilikuwa nimeichukua kwa mkataba, nimebakiza miezi mitano. Nikahangaika, nikakata tamaa. Siku moja mke wangu ananiamsha usiku, "si ile yako hii?" Polisi walikuwa wameposti pikipiki tisa walizozikamata. Yangu ni ya nne kutoka kushoto, stika ya Simba kwenye tangi imechanika sikio, na kiti nilikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Asubuhi nikaenda na kadi pamoja na RB yangu niliyopewa kituoni niliporipoti wizi, nikaikomboa.

Bila ile posti ningekuwa mpaka leo nalipa rejesho la chombo nisichokiona. Waposti, tena waongeze.

#4 Fundi Cherehani
Kamba Mbili, hongera sana na sikutanii. Ila wewe ulionyeshwa pikipiki. Pikipiki haina mama anayepita sokoni.

#5 Mzee Kirungu
Nimelitumikia jeshi miaka 31, nimestaafu na nyota sina, V tatu tu begani. Nieleze kidogo, maana naona mnatafuta mkakati mahali ambapo hakuna mkakati.

Zamani waandishi walikuwa wanakuja ofisi ya RPC, Kamanda wa Polisi wa mkoa, kuchukua taarifa za matukio. Taarifa ilikuwa na umbo lake: fulani bin fulani, miaka 34, kabila lake, mkulima, mkazi wa mahali fulani, anashikiliwa kwa tuhuma za kadha wa kadha, upelelezi ukikamilika atafikishwa mahakamani. Karani alikuwa anaijua kwa moyo. Kesho yake inatoka gazetini kwenye kona, keshokutwa gazeti linafungia vitumbua. Imeisha.

Sasa umbo ni lile lile, chombo ndicho kimebadilika. Kijana wa ofisi anaichukua kama ilivyo anaibandika Instagram. Hakuna aliyekaa akajiuliza kwamba hapa kitumbua hakipo.

Na kuhusu jambo zito: anayesema mkoani ni Kamanda, kitaifa ni Msemaji. Askari wa zamu, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), mpelelezi, hawana ruhusa ya kuongea na vyombo vya habari kwa kujitwalia. Faili likipanda juu, midomo ya chini inafungwa. Mnachokiona ni kimya, lakini mara nyingi ni watu watano wanasubiriana nani aandike.

#6 Bajaji ya Mkopo
Shikamoo mzee. Kwa hiyo mwizi wa godoro anapostiwa kwa sababu hakuna mkubwa anayeogopa godoro?

#7 Mzee Kirungu
Marahaba. Umesema wewe, sijasema mimi. Pensheni yangu inaingia kila mwezi, naomba iendelee.

#8 Wakili Bila Joho
Niweke sheria mezani maana tutapotea.

Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Ibara ya 16 inalinda faragha. Lakini hapo hapo ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Kwa hiyo Kamba Mbili ana ibara yake na Fundi ana ibara zake, wote wako ndani ya kitabu kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo sioni mtu akiligusa, nalo ndilo linaloniuma mimi kama mtu wa mahakamani. Gwaride la utambulisho. PGO, yaani mwongozo wa kazi za polisi, namba 232 inaeleza linavyofanyika. Mtuhumiwa anapangwa na watu wengine wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na hali, shahidi anaitwa, anapita mstari, anamgusa yule anayemtambua. Nguvu yake yote iko kwenye jambo moja, kwamba shahidi hakuonyeshwa huyo mtu tangu siku ya tukio. Na Mahakama ya Rufani tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, 1980, inasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa.

Sasa umeporwa usiku na panga, unamjua jambazi kwa sura. Polisi wanamkamata Jumatatu, Jumanne anapostiwa, Alhamisi unaitwa kwenye gwaride. Wakili wake atakuuliza swali moja tu: "Shahidi, unatumia Instagram?" Ukijibu ndiyo, gwaride limekufa, na jambazi wako huenda akatoka nalo.

Watu wanadhani kuficha sura ni kumhurumia mwizi. Mara nyingine ni kumlinda aliyeibiwa.

#9 Kamba Mbili
Hii sikuwahi kuiwaza. Ila kwa upande wangu mwizi hakupatikana, ilipatikana pikipiki.

#10 Shangazi wa Kigogo
Kwa hiyo pikipiki ndiyo ililala ndani.

#11 Mtu wa Kangemi
Majirani, hamjambo. Nyinyi mnalalamika kwa mistari minne? Njooni kwetu muone riwaya.

DCI, idara yetu ya upelelezi wa jinai hapa Kenya, akaunti yake ilikuwa moto sana enzi za mkurugenzi Kinoti, kutoka 2018 mpaka 2022. Hawakuwa wanaandika taarifa, walikuwa wanasimulia. Mvua inanyesha, jambazi anaruka ukuta, mapenzi yanamponza, makachero wanamdaka akila nyama. Kiingereza cha kukutafutisha kamusi. Watu tulikuwa tunaingoja kama tamthilia ya saa mbili. Nakubali nilicheka, tena sana.

Lakini kaa chini ufikirie. Huyo mtu ameitwa jambazi sugu kabla hajasimama mbele ya hakimu kusema ndiyo au la. Kesi ikija kuanguka mwaka wa tatu kwa kukosa mashahidi, hakuna sehemu ya pili. Mwandishi wa riwaya amehamia kwa mhusika mwingine.

Na hiyo ni akaunti rasmi. Huku Eastlands, Nairobi, Facebook kulikuwa na akaunti za jina la Hessy, ambazo watu waliamini ni za askari. Hessy wa mtaa huu, Hessy wa mtaa ule. Picha ya kijana inawekwa na onyo, acha uhalifu ama tukutane. Siku chache baadaye picha ya kijana yule yule, amelala chini. Wakubwa wa polisi wakasema huyo mtu hawamjui. Mama wa kijana yeye alikuwa anaambiwa na majirani, mtoto wako amewekwa Facebook, mhamishe haraka.

Na msisahau magaidi walipovamia duka kubwa la Westgate, Nairobi, 2014, serikali inaandika Twitter "tumedhibiti kila ghorofa" na risasi zinalia siku tatu.

#12 Mlinzi wa Mnara
Ndugu wa Kangemi, rekebisha. Westgate ni 2013, ilianza Septemba 21, ikatangazwa kwisha tarehe 24. Watu 67 waliuawa. Lakini hilo la kutangaza udhibiti mapema ni kweli. Na wakati ule ule Al-Shabaab nao walikuwa wanaandika Twitter moja kwa moja, wakifungiwa akaunti wanafungua nyingine. Serikali ilikuwa inashindana na magaidi nani atasimulia kwanza. Ukishindana hivyo unatangaza jambo kabla halijawa.

#13 Mtu wa Kangemi
Asante kwa kunirekebisha, ni 2013. Kichwa kimejaa matatu.

#14 Binti Tandale, Ulaya
Naomba nilete la huku niliko, maana kuna siku niliona polisi wakiitumia mitandao vizuri.

Munich, Ujerumani, Julai 22, 2016, Ijumaa jioni. Nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja karibu na Stachus, uwanja wa katikati ya mji. Kijana wa miaka 18 alikuwa amepiga risasi watu kwenye duka kubwa la Olympia, akaua tisa, baadaye akajiua. Lakini sisi hatukujua hayo. Tulichojua ni kwamba watu wanakimbia barabarani wakipiga kelele kuwa na hapa kwetu wanapiga risasi. Tulijifungia stoo ya viazi watu saba, simu yenye chaji ni moja, ya Mturuki anayeosha vyombo.

Polisi wa Munich walikuwa wanaandika kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kituruki. Yule mwosha vyombo alisoma ya lugha yake, nikaona mabega yanashuka. Hawakujifanya wanajua. Mwanzo walisema huenda washambuliaji ni watatu, baadaye ikawa ni mmoja, na walisema wazi. Wakaomba watu wasiweke picha wala video za askari walipo, kwa sababu mshambuliaji naye ana simu. Badala yake wakafungua mahali pa kuwatumia wao hizo video.

Huko Stachus kwetu hakukuwa na risasi hata moja. Ulikuwa uvumi mtupu. Polisi wangenyamaza usiku ule watu wangekanyagana.

#15 Bajaji ya Mkopo
Wazungu wanafuata maelekezo bwana. Huku ukisema msirekodi, ndiyo umewakumbusha kutoa simu.

#16 Mlinzi wa Mnara
Si kila mahali wanatii kwa kunyamaza. Novemba 2015 Brussels ilikuwa imefungwa, polisi wanasaka magaidi baada ya mashambulizi ya Paris. Wakaomba watu wasitaje mitandaoni operesheni zinapofanyika. Wabelgiji wakaanza kuposti paka. Paka amevaa kofia, paka ameshika bunduki, paka usiku kucha, mpaka ukitafuta habari za msako unakutana na manyoya tu. Kesho yake polisi wakaweka picha ya bakuli la chakula cha paka, kwamba paka waliotusaidia jana karibuni.

#17 Shangazi wa Kigogo
Sisi tungeposti kuku. Halafu mmoja angeuliza kilo bei gani, uzi ukaharibika.

#18 Mama Pacha
Samahani nitawakatisha kicheko.

Binti Tandale amesema polisi wangenyamaza watu wangekanyagana. Mimi nina siku niliyotamani wangenyamaza. Si miaka mingi iliyopita. Mume wangu alisafiri kurudi nyumbani na basi la usiku. Alfajiri nawasha jiko nichemshie watoto uji, simu inalia mlio wa WhatsApp mfululizo. Kundi la ukoo. Mtu amesambaza posti ya ajali, namba za basi zinaonekana vizuri, na pembeni kuna mizigo imetawanyika. Hakuna mwili uliokuwa wazi, niseme haki, walifunika. Lakini kulikuwa na ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko wa kijani. Ile ndoo nilimpa mimi aje na samaki wakavu. Nilikuwa nimefunga mfuniko kwa kitambaa cha kitenge changu kilichobaki, na kitambaa kilikuwepo.

Aliyenipigia simu rasmi alipiga saa tano asubuhi. Alikuwa askari, aliongea kwa upole kabisa, akaanza kwa kuniuliza kama nimekaa. Nilikuwa nimeshakaa tangu saa kumi na mbili.

Sitautaja mkoa. Nauliza tu, ile namba ya basi ilikuwa na haraka gani?

#19 Fundi Cherehani
Pole sana dada. Mungu ampumzishe.

#20 Mtu wa Kangemi
Poleni sana mama.

#21 Dereva Mikumi
Pole mama. Naomba usinielewe vibaya, niongee kama dereva wa masafa.

Ikitokea ajali, ndugu wa watu hamsini wanapiga simu ofisini kwetu kwa mpigo. Hawajui ni basi lipi. Kampuni ina mabasi sita njiani usiku huo. Namba ikitoka, familia za mabasi matano zinalala, moja ndiyo inalia. Isipotoka, familia za mabasi sita zote zinalia mpaka mchana, na wengine wanapanda magari kufuata, wanapata ajali nyingine. Nimeshaona.

Labda tatizo ni picha. Namba ingeandikwa tu na simu ya kuuliza, bila picha ya mizigo.

#22 Mama Pacha
Hilo la kuandika namba bila picha nimelikubali. Sikuwa nimelifikiria kwa upande wa mabasi mengine.

#23 Mkaazi wa Kata
Mnaongelea kurasa kubwa, mimi niwalete huku chini ambako hakuna Msemaji. Kundi la WhatsApp la mtaa na Polisi Kata.

Kwetu mkaguzi wa polisi alipoletwa alifanya jambo zuri, akaunda kundi, mwenyekiti wa mtaa yumo, sisi tumo, watu kama mia mbili. Akasema toeni taarifa, tutazifanyia kazi. Mama mmoja jirani, mtu mzima, simu janja amenunuliwa na mwanawe juzi, akaandika kundini: nyumba ya bati la bluu nyuma ya msikiti wanauza bangi, watoto wa shule wanaingia. Alidhani anamwandikia afande peke yake. Sekunde mbili skrinshoti imefika kwenye nyumba ya bati la bluu, kwa sababu mwenye nyumba naye ni mwanakikundi.

Afande alifuta, alipiga simu, alihangaika. Lakini yule mama alihamia kwa binti yake miezi minne. Mpaka leo akiona kundi lolote anajitoa, hata la harusi.

Nasikia kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

#24 Wakili Bila Joho
Ipo, ya mwaka 2015. Ila inamlinda aliyetoa taarifa kwa mtu au ofisi husika. Ukitangazia watu mia mbili, siri hiyo utamdai nani?

Ushauri wa bure kwa mapolisi kata wanaotusoma: kundi liwe la wewe kuwaambia watu, taarifa za kukuambia wewe zije pembeni. Iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa.

#25 Kamba Mbili
Wakili unatoa ushauri wa bure, leo jua limetoka magharibi.

#26 Mlinzi wa Mnara
Kwenye faragha ya waathirika, kumbukeni Agosti 2024. Video ya binti aliyefanyiwa ukatili na vijana ilisambaa nchi nzima. Polisi wakaomba watu waache kuisambaza. Hapo hapo kamanda wa mkoa wa Dodoma wa wakati ule akanukuliwa na gazeti akisema maneno kuhusu mwenendo wa binti. Makao makuu wakajitenga na kauli hiyo, kamanda akahamishwa. Kesi ikasikilizwa faragha, binti akitajwa mahakamani kwa herufi XY tu, na Septemba 30 washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Yaani mahakama ilificha mpaka jina, huku mtaani kila mwenye simu alikuwa na video. Nani alivunja siri hapo? Si polisi wa mitandao. Ni mimi na wewe, tuliokuwa tunaandika "nitumie inbox".

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na Fundi kwamba tatizo ni kurasa za polisi. Tatizo ni sisi wenye njaa.

#27 Bajaji ya Mkopo
Mlinzi, mwenye njaa ana kosa na anayepika kila siku ana kosa. Mimi nadhani ni laiki. Kijana amekabidhiwa akaunti, bosi anamuuliza mwezi huu tumefikia watu wangapi. Posti ya elimu ya usalama barabarani inapata laiki kumi na mbili, kumi za askari wenzake. Posti ya mchawi na fisi inapata elfu nane. Wewe ungeposti nini?

#28 Mzee Kirungu
Hapana. Hili la laiki mnalikuza. Presha kubwa mnayo ninyi wenyewe. Mtu akikamatwa usiku, asubuhi mitandao inasema ametekwa. Tukisema tunaye, mnasema tuonyesheni. Tukimwonyesha, mnasema mmemdhalilisha. Mwaka wangu wa mwisho kazini, kituo nilichokuwepo kulikuwa na mahabusu mmoja ambaye ndugu zake walikuwa wanamtafuta kwa mabango mitandaoni siku mbili, na yeye yuko ndani anakunywa uji. Alitoa jina la uongo. Tungeweka sura yake angepatikana saa ile ile.

#29 Mtu wa Kangemi
Mzee wangu, kwa heshima. Kuna tofauti ya kusema "fulani yuko kituo fulani, amekamatwa saa fulani, wakili wake aje" na kumkalisha chini na magodoro. Ya kwanza ndiyo tunayoililia. Ya pili hakuna aliyeiomba. Na huko kwetu na kwenu, wanaopotea ndio hao ambao hatuambiwi ya kwanza.

#30 Mzee Kirungu
Hapo umenishika. Sina jibu la haraka.

#31 Sauti ya Kimara
Mnajadili wanachoposti, mimi najadili nani anaposti. Mei 2025 akaunti rasmi ya polisi kule mtandao wa X ilidukuliwa, ikajaa uchafu na uongo kuhusu Rais. Polisi wakakanusha, lakini kwa muda watu walikuwa wanatazamana. Ukurasa wenye alama ya uthibitisho umesema, nani wa kuubishia? Na kuanzia tarehe 20 X ikagoma nchini, mlioendelea kuingia mnajijua.

Mnataka polisi waweke kila kitu wazi mtandaoni? Mlango huo huo wa uwazi ndio mwizi aliopitia.

#32 Shangazi wa Kigogo
Kudukuliwa ni nywila, si uwazi. Hata nyumba isiyo na kitu huvunjwa.

#33 Kamba Mbili
Fundi umeanzisha moto umekimbia. Na bado hujaniambia kwa nini unawahurumia hawa watu. Kuna ndugu yako nini?

#34 Fundi Cherehani
Sijakimbia, nilikuwa namalizia sare za shule.

Na ndiyo, Kamba Mbili. Yupo.

Mdogo wangu ni kinyozi, miaka 26. Mteja alimwachia simu aiweke chaji, akasema anarudi. Simu ilikuwa ya wizi. Walipokuja kuifuata walimkuta nayo kwenye soketi, wakamchukua na wengine wanne ambao hajawahi kuwaona. Kesho yake posti: mtandao wa wizi wa simu wavunjwa. Yeye wa pili kutoka kulia, bado amevaa aproni yenye nywele za mtu.

Alikaa lokapu siku nne, akapata dhamana, akaripoti, akaripoti, mwishowe akaambiwa aende zake, hakuna shtaka juu yake. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi, nadhani. Ila posti ipo. Haijasema tena lolote. Wenzake wawili walifikishwa mahakamani, yeye hakufikishwa, lakini kwenye picha wako watano.

Mnisamehe nikirefusha. Nilikwenda kunyolewa Jumamosi. Nikiwa nasubiri, mteja kwenye kiti akatoa simu, akawa anaperuzi huku anakatwa. Nikamwona anaacha kuperuzi. Anaangalia simu, anamwangalia mdogo wangu kwenye kioo, anarudi kwenye simu. Mdogo wangu naye anamwona kwenye kioo hicho hicho, na wembe uko shingoni kwa mtu. Hawakusemeshana. Mteja alilipa, akasema baki na chenji, hajarudi.

Siku hizi ananyoa amevaa barakoa. Anawaambia wateja ana mafua.

#35 Kamba Mbili
Mkuu nimeomba radhi. Lile la #3 la mtetezi wa wezi nalifuta kwa upande wangu.

#36 Wakili Bila Joho
Fundi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo inapokea malalamiko. Kuna misamaha kwa kazi za kuzuia na kubaini uhalifu, na watakujibu kwa hiyo. Hoja yako iwe kwamba kwake yeye hakuna uhalifu unaobainiwa tena. Picha yake inazuia nini leo? Aandike kwanza kwao kuomba iondolewe au sura ifunikwe, atunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

#37 Mzee Kirungu
Barua iende kwa RPC, ipitie kwa OCD wake, aambatanishe karatasi za dhamana. Aandike kwa adabu, asitishie mahakama kwenye aya ya kwanza. Atishie ya tatu.

#38 Dereva Mikumi
Mimi ningemshauri aache. Akiandika, watamkumbuka. Sasa hivi wamemsahau, na posti inazama chini kila siku. Baada ya mwaka nani ataperuzi mpaka huko?

#39 Mama Pacha
Dereva, mimi ile ya basi bado inanirudia kila mwaka. Simu yenyewe inanikumbushia, "kumbukumbu ya siku kama ya leo". Hazizami.

#40 Bajaji ya Mkopo
Kwani kwa nini wasiposti na ya kuachiwa? "Tulimshikilia, tumemwachia, hana kosa." Mistari minne ile ile waliyoizoea.

#41 Mzee Kirungu
Kwa sababu hakuna umbo lake. Karani hajawahi kuiandika hata mara moja. Sijui hata ingeanzaje.

#42 Fundi Cherehani
Barua tumeanza kuiandika. Yeye anataka niandike mimi kwa sababu mkono wangu unasomeka. Nitaleta mrejesho. Asanteni.

#43 Mpita Njia 77
Wakuu nimechelewa. Hiyo picha ya watano iko wapi? Mleta mada iweke hapa tuione na sisi.

#44 Shangazi wa Kigogo
Umesoma uzi kweli?

#45 Mpita Njia 77
Sijasoma, mrefu. Nimesoma kichwa cha habari.